Wajina Wawili wa Mwanangu

Kwetu Kenya, mtoto wa kiume wa pili hubeba jina la babake mama. Ndiyo maana nilimwita mwanangu Baba, hata kule Nechells, nchini Uingereza, alipokuwa na miaka minane na kunijibu kwa Kiingereza kitupu. Ukimdhalilisha mtoto wa namna hiyo umemdhalilisha mwenye jina.

Baba yangu alilichagua jina hilo mwenyewe alipobatizwa ukubwani. Alikuwa amesikia habari za Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani akaja kuwa mwalimu. Mmishenari alifurahi, akidhani baba anamheshimu rais wa kwanza wa Marekani, wa jina hilo hilo, mzungu aliyemiliki watumwa. Baba hakumsahihisha. Alitaka amwagiwe maji aende zake nyumbani.

Sasa shule ya mwanangu ikaandaa mchezo wa kuigiza kuhusu rais huyo. Mtoto akarudi akirukaruka: amepata nafasi! Nafasi gani? Mtumwa. Anapiga magoti na kumng'arishia rais viatu.

Damu ilinichemka. Nilipotoka zamu ya usiku hospitalini sikupitia nyumbani, nilikwenda shuleni na sare yangu ya uuguzi. Nikamweleza mwalimu kwamba wako Wamarekani wawili wa jina hilo, na mwanangu ni wajina wa yule mweusi. Kama ni mchezo, huyo naye awemo. Yule mama akanitabasamia kama mtu anayempoza mgonjwa. Akasema watoto watachanganyikiwa wakiletewa watu wawili wa jina moja.

Watachanganyikiwa! Darasa hilo hilo lilikuwa na wasichana watatu wa jina moja, na sijasikia hata siku moja kwamba mmoja wao amekosea akaenda nyumbani na mama wa mwenzake. Akasema basi, nikipenda, mtoto anaweza kutolewa. Nikasema na atolewe.

Mume wangu, ambaye tangu tufike nchi ile alitembea kwa ncha za vidole, akaniambia, "Mama watoto, tuko ugenini. Punguza moto."

"Baba yangu apigishwe magoti, nami nipunguze moto? Mkataa kwao mtumwa!"

Akajifunika gazeti lake.

Nikamkalisha mtoto jikoni, nikamsimulia habari za yule mwalimu mweusi. Alisikiliza vizuri, tena kwa adabu.

"Is he in the play?"

"Hayumo, Baba. Ndiyo sababu nimekutoa."

"But everybody's in it, Mum. Everybody except me."

Akaanza kulia. Alilia mpaka chakula kikapoa. Asubuhi nikamrudisha mwenyewe kwa mwalimu, nikaomba arudishiwe nafasi yake. Mwalimu akatabasamu tabasamu lile lile. Nilitamani kumnasa kofi.

Siku ya mchezo nilikaa safu ya mbele. Mwanangu akatoka na kitambaa, akapiga magoti mbele ya mtoto wa kizungu, akasugua viatu kwa bidii, kama nilivyomfundisha kufanya kila kazi. Wazazi wakacheka, wakasema ni mzuri ajabu. Halafu akainua uso kunitafuta katikati ya watu, amejaa furaha, anataka kujua kama nimemwona.

Nikapiga makofi. Nilipiga kuliko wote, viganja vikaniwaka moto, na moyoni nikimtukana kila mtu mzima aliyekuwa katika ukumbi ule.