Mama Alipofundishwa Kupokea

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na shemasi, na aliamini kwa moyo wote kwamba mtu anaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Mama aliamini hivyo pia, ila alisema anayeokolewa bila kuteka maji atafika mbinguni na kiu. Kule kwetu Rwambuzi mabishano yao yalikuwa chumvi ya nyumba. Yakikosekana, tulijua mmoja wao anaumwa.

"Imani yako iko na miguu?" mama alimuuliza baba asubuhi, Biblia ikiwa bado magotini. "Kama iko nayo, itume sokoni."

"Mama ya batoto, weye unataka kuingia mbinguni na jembe mukononi. Watakuzuia mulangoni."

"Wakinizuia, nitalima hapo hapo mulangoni."

Siku hizo vita vilikuwa vimenyamaza, lakini kama mtoto anavyonyamaza: unaenda kumchungulia anafanya nini. Barabara ya Djugu ilifunguka asubuhi, ikafungwa mchana. Watu wakikutana walisikiliza kwanza unasema lugha gani, ndipo wakakusalimia. Mama hakusikiliza lugha. Alimkuta mwanamke kwenye uwanja wa kanisa, ametoka Djugu na watoto watatu na sufuria moja, akamleta nyumbani. Baba alikuwa amekwisha kumwombea mwanamke huyo mara mbili.

"Maombi yako yamejibiwa," mama alimwambia. "Toa baiskeli yako jikoni ya nyuma. Watalala humo."

Kwa miezi mitano mama alimlisha yule mwanamke na hakumruhusu aoshe hata sahani. Hatukushangaa, maana hata sisi watoto hatukupata nafasi ya kumfanyia mama kitu. Ukiinuka kumsaidia, kazi imekwisha. Neno asante alilisikia kila siku. Yeye mwenyewe sikumbuki kulisikia kinywani mwake.

Kosa lake kanisani lilikuwa moja: hakungojea amina. Baba alipopewa sala ya kufunga ibada, mama alijua urefu wake, kwa hiyo alitoka ikiwa katikati ili akaangalie maharagi yake motoni. Jumapili moja mvua ilikuwa imenyesha, na ngazi za kanisa zilijaa matope mekundu. Baba katika sala yake alikuwa amefika kwa wagonjwa na wafungwa tuliposikia kishindo nje, kisha sauti ya mama: "Yesu wangu!"

Watu waliofumba macho wakaitikia, "Amina."

Mguu ulikuwa umevunjika. Hospitalini walimtia plasta mpaka gotini, wakamkataza kuukanyaga kwa mwezi mmoja na nusu. Baba alijizuia siku mbili. Siku ya tatu akasema taratibu, "Ungengojea kidogo tu. Nilikuwa nimebakisha wajane."

Mama alilazwa sebuleni, mguu juu ya gunia la mahindi. Kutoka hapo alisikia mtu akiwasha mbabula yake, lile jiko la makaa ambalo hakuna mwingine aliyeligusa. Alikuwa yule mwanamke wa Djugu.

"Weye ni mugeni!" mama alipaza sauti. "Toka kwa moto!"

"Mama, siye tuko hapa miezi mitano. Mugeni gani huyo?"

"Basi niletee maharagi nichague."

Aliletewa. Alimaliza kuyachagua yote kabla ya saa nne, kisha nikamwona akiyamwaga tena kwenye ungo na kuanza upya. Sombe, yale majani ya mihogo, ilipoiva aliionja, akasema haina chumvi, akaimaliza. Jioni mwanamke yule alimwosha na kumfulia nguo, na mama alitazama ukuta muda wote kama mtu anayeng'olewa jino.

Juma la pili aliniambia nifungue sanduku lake na kutoa kikwembe kipya, kitenge alichokiweka kwa ajili ya Noeli. Akampa yule mwanamke kwa mikono miwili. Yule akakikunja vizuri, akakirudisha kitandani.

"Sikukuosha ili unipe kikwembe, mama."

"Sasa nitakulipa na nini?"

"Weye ulinilipisha nini?"

Mama akageukia ukuta, mabega yakitetemeka. Nilidhani mguu unamuuma, nikamwita baba. Baba alielewa upesi na, kwa bahati mbaya, akafurahi.

"Ile ndiyo neema," alisema, akiketi na sahani yake ya chakula. "Haulipi, unapokea tu. Miaka yote hii ninahubiri, leo ndiyo unaanza kusikia."

"Mahubiri gani?" mama alijibu bila kugeuka. "Huyu mama hajahubiri hata neno moja. Na hiyo sahani yako, nani ataiosha?"

Asubuhi yake nilimkuta baba kwenye chemchemi na bidoni mbili za maji, amevaa tai yake ya shule, wanawake wamemzunguka.

"Shemasi," mmoja wao akamwita, "neema imeisha kwako?"

"Neema iko," alijibu akiwa kwenye foleni. "Ni maji ndiyo inakawia."

Alirudi na nusu ya maji ndani ya bidoni na nusu kwenye suruali. Lakini aliteka kila siku mpaka plasta ilipotolewa.

Jioni moja, akioshwa mguu usio na plasta, mama alisema neno kwa sauti ya chini sana.

"Mama anasema nini?" mwanamke akauliza.

"Nasema maji iko moto." Kisha akafoka: "Asante! Nimesema asante!"

Yule mwanamke alicheka hadi akaweka kopo chini. Mama naye akacheka.

Msimu wa kupanda ulipofika barabara ilikuwa imetulia kidogo, na yule mwanamke akarudi kwao na watoto wake. Baada ya mwezi, mtu wa pikipiki alituletea kutoka kwake beseni la viazi vitamu. Kwetu chombo hakirudi kitupu; mkono wa mama ulikuwa umekwisha kufika kwenye unga.

"Acha," baba akasema. "Kula tu."

Mama akaketi. Tulivichemsha, tukala, akavisifu. Siku tatu beseni lilikaa tupu juu ya meza, naye akilizunguka. Siku ya nne tuliporudi kutoka shule halikuwapo, wala nusu ya unga wetu haikuwapo. Baba akamtazama.

"Niliomba kwanza, mpaka amina," mama akasema.