Chai ya Nyumba za Watu

Mimi ni afisa wa watoto, na tangu nihamishiwe Naro Moru nimejiwekea kanuni moja: sinywi chai katika nyumba niliyoendea kazi. Ukinywa, majirani watasema umenunuliwa kwa kikombe. Usiponywa, huku mlimani umemtukana mwenye nyumba, mama yake na ng'ombe wake. Basi mimi nimechagua kutukana. Jioni hurudi chumbani kwangu, nyuma ya duka la mbolea, nikajichemshia chai na kuinywa nikitazama ukuta. Wengine husema mlima ni rafiki mzuri. Uongo. Mlima haukuulizi umeshindaje.

Nilizaliwa Murang'a katika boma lililojaa watu, ukipiga chafya unaombewa na nyumba nzima. Hapa nikikaribia kibanda cha mboga, mazungumzo hukatika kama stima. Wananiuzia sukuma wiki vizuri tu, wananiita madam, kisha wanangoja niondoke ndipo waendelee. Mtoto akikataa kula, nasikia mama yake akimwambia, "Nitaitia wewe yule mama wa ofisi akubebe." Yaani mimi ndimi zimwi la mtaa. Mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi naumia.

Siku moja mwalimu wa shule ya msingi alinipigia simu. Alikuwa na msichana wa gredi ya tano ambaye shangazi yake alikuwa amemchukua kwa nyanya yake Kerugoya, akiahidi kumsomesha. Masomo yenyewe yaligeuka kuwa kukamua ng'ombe, kuteka maji na kulea mtoto wa shangazi, na shuleni alifika siku alizoruhusiwa. Mgongoni alikuwa na alama za waya. Walimu walipomuuliza, alisema alianguka.

Nilijua mambo yangekwendaje bila neno lake mwenyewe. Wazee wangeketi, shangazi angeomba msamaha, kila mtu angesema ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Mtoto angebaki palepale, na sasa angekuwa pia mtoto aliyemchongea shangazi yake.

Nilikwenda asubuhi na mzee wa nyumba kumi, yule anayemsaidia chifu mtaani. Ni mtu mwema ila ana sala ndefu. Mazishini, mvua ikiwa karibu, hapewi nafasi ya kuomba.

Shangazi alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Alitukaribisha kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, akatuzungumzia mahindi na baridi. Msichana aliingia na thamosi, miguu yake imepotea ndani ya ndara za mtu mzima.

"Salimia madam," shangazi akasema.

"Niko sawa," msichana akajibu. Sikuwa nimemuuliza chochote.

Aliponimiminia chai nikasema asante, sinywi nikiwa kazini. Shangazi akamgeukia mtoto, akitabasamu. "Umeona? Ati mgeni amekataa chai yako. Maziwa umeweka kidogo." Shingo ya yule msichana ikazama mabegani. Nikaelewa ni nani angeilipia chai ile nikishaondoka. Nikanyoosha mkono nikachukua kikombe. Ilikuwa chai nzito, ina harufu ya moshi, tamu kuliko yangu. Niliinywa yote nikimsifu aliyeipika, na kusema kweli nilikuwa nimesahau jinsi chai ya kupikiwa inavyoingia mwilini.

Kwetu, mgeni mwanamke akimaliza chai hukusanya vikombe na kuvipeleka jikoni. Mwenye nyumba atasema wacha, lakini husema kwa mdomo tu. Nilisimama na vikombe vyetu. Shangazi akaanza kuinuka anifuate, na papo hapo mzee akavua kofia, akasema, "Basi tufunge na maombi." Mpaka leo sijui kama alipanga. Kiongozi wa akina mama hawezi kutoka katikati ya sala. Alikaa, akafumba macho.

Jikoni msichana alikuwa amechutama kando ya beseni. Nyuma ya kuni palikuwa na gunia na blanketi, vimekunjwa vizuri, na nikajua ndipo anapolala. Niliweka vikombe, nikachutama pia. Sikuuliza juu ya waya. Sebuleni mzee alikuwa ameshaiombea serikali, sasa alikuwa anaanza na mifugo.

"Mkienda," msichana akaninong'oneza, "mtaenda na mimi?"

"Unataka twende na wewe?"

"Nataka. Ananichapa na waya ya stima. Nataka kwa shosho, Kerugoya."

"Tutaenda na wewe," nikasema, na nikamshika mkono, umepasukapasuka kwa maji baridi. Tulikaa hivyo mpaka tukasikia amina.

Aliondoka nasi siku hiyohiyo. Alikaa kwa muda katika makao ya watoto mjini Nyeri, kisha mahakama ikaamua arudi kwa nyanya yake, na shangazi akashtakiwa. Kanisani akina mama wakaanza kuniachia benchi zima. Naimba peke yangu, na sauti yenyewe sina.

Muhula ulipokwisha nilifunga safari kwenda Kerugoya na sukari na mkate. Faili lilikuwa limeshafungwa. Nilijiambia naenda kumjulia hali mtoto, lakini nilienda kwa sababu nilitaka pawe na nyumba moja duniani inayofurahi nikiingia.

Nilimkuta uani akicheza kati na wenzake, akiukwepa mpira, akicheka kwa nguvu. Sikuwahi kusikia kicheko chake. Akaniona, kicheko kikakoma, akaingia ndani. Nyanya akanikumbatia, akanibariki, akaniketisha. Msichana akatoka chumbani amefunga vifungo vyote vya sweta, viatu vya shule miguuni, begi mkononi.

"Niko tayari," akasema, kwa sauti ileile ya niko sawa.

"Nimekuja kuwasalimu tu, mama. Hutoki hapa."

Aliweka begi chini karibu na mlango. Hakulifungua.

"Kapikie madam chai," nyanya akasema. Akaipika, akaniletea, akasimama kando ya begi lake akiniangalia ninavyokunywa. Niliinywa ikiwa moto, ikanichoma ulimi, kwa sababu nilijua anangoja niimalize niondoke. Nikaaga. Nje, nyuma ya ua wa majani, nilisimama mahali asiponiona, nikangoja mpaka nikamsikia akicheka tena. Kisha nikaenda stendi.