Dada Aliyesubiri Kahawa Itafunwe Kwanza

Dada yangu alipotuambia kwamba anataka kuendelea kusomea akili za watu, mama alimuuliza za watu gani. Akajibu kuwa za watu wote. Kuanzia siku hiyo mimi nikawa najikuna kwa tahadhari.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Sisi tulikuwa Kimwani, upande wa Muleba, ndani ya kibanja chetu cha migomba na mibuni. Yeye alikwisha kupata shahada yake ya kwanza Dar es Salaam na alikuwa anafundisha sekondari Bukoba mjini, amepanga chumba mtaa wa Bakoba. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani mbio, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Meli ya Mwanza niliipanda mara moja. Nilitapika kabla haijang'oa nanga, na tangu hapo nikaridhika kwamba dunia ni kubwa na haihitaji mimi nikaihakiki. Dada aliniita Mzee wa Migomba.

Alikuja likizo na jambo moja. Ama asome shahada ya pili ya saikolojia Dar, ama aende Ulaya, ambako alikuwa amepata nafasi. Alitaka baraka za baba. Bila hizo, alisema, angeondoka lakini asingefika.

Shida ni kwamba tulimshuku. Alikuwa na tabia mpya ya kuuliza swali kisha kunyamaza, akakutazama mpaka ukaongeza maneno ambayo hukukusudia. Alimuuliza mama anaota nini siku hizi. Kwetu anayekuuliza ndoto zako ni mganga, au ni mtu anayetaka kukupeleka kwa mganga. Mama akajibu kuwa yeye haoti, analala tu. Mimi aliniuliza kwa nini sijaoa, nikamwambia nangoja migomba ikomae. Akatikisa kichwa polepole kama aliyeelewa, na kuelewa kwake kukaniudhi kuliko tusi. Hata balozi wetu wa nyumba kumi alipita, eti kusalimia, akauliza mara mbili kama huko Ulaya huwa wanarudisha watu.

Baba hakupiga kelele, alihoji tu. Huko, alisema, utasoma vichwa vya watu ambao hawajapalilia kibanja wala kugombania mpaka na ndugu zao. Ukirudi utakuwa umejua kichwa cha nani? Dada akasema kwamba hapa nyumbani walimu wa somo lenyewe ni wachache mno, na vitabu vyote vimeandikwa huko huko. Akibaki Dar atasoma kichwa cha Mzungu bila hata kumwona Mzungu mwenyewe, basi afadhali akamtazame.

Hoja ilikuwa nzuri. Nilikunja uso nisije nikaonekana nimekubali. Nilitaka abaki, maana ni nani mwingine angenitania kwa ustadi ule? Lakini sikusema, angenitikisia kichwa tena.

Jumapili, baada ya misa, baba alitungua ukutani kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani kisha zikaanikwa, akakiweka katikati yetu. Kwetu mgeni hapewi kahawa hivi hivi. Mwenye nyumba hutafuna kwanza, mgeni aone kwamba haina sumu, ndipo anyooshe mkono. Mtoto wa nyumba hana mambo hayo. Yeye hujichotea, akakemewa kwa uroho.

Dada alikitazama kikapu, akaweka mikono magotini, akangoja. Baba naye akangoja. Niliangalia mmoja, nikaangalia mwingine, nikaelewa kabla ya dada mwenyewe. Ndio ushindi wangu wa pekee katika saikolojia, na sikuufurahia.

"Mwanangu," baba akasema taratibu, "unasubiri nitafune kwanza?"

Dada alitazama mikono yake kana kwamba ameiazima.

"Umekwisha kuwakubalia wa Ulaya," baba akasema.

"Ndiyo, Tata. Kabla sijaja."

"Basi hukuja kuuliza. Umekuja kuaga. Anayeaga ni mgeni."

Akachukua buni moja, akaitafuna kwa heshima zote anazofanyiwa mtu wa mbali, akamsogezea kikapu. Dada hakuweza kunyoosha mkono. Mama alitoka kwenda kukagua mikungu ambayo haikuwa na tatizo lolote. Kikapu kikarudi ukutani, na baraka zikabaki huko huko.

Asubuhi ya kuondoka, sanduku lake likiwa tayari juu ya baiskeli yangu, dada alikwenda mwenyewe ukutani. Alitafuna buni moja mbele ya baba, kisha akampa kikapu kwa mikono miwili. Sasa hatukujua tena mgeni ni nani. Baba alichagua buni, akaigeuza upande huu na upande huu kama mtu anayenunua kwa mwizi, halafu akaitia mdomoni.

"Nenda," alisema. "Ila ukirudi, nitatazama mkono."

Alirudi baada ya miaka, ana shahada yake na viatu vinavyolia. Mvua ilikuwa inanyesha. Baba akaweka kikapu katikati, hakukigusa. Mama alijishughulisha na ncha ya kitenge chake, mimi nikaitazama mvua kwa bidii kama sijawahi kuiona Kimwani. Dada alitupitia mmoja mmoja kwa yale macho yake.

"Mnanipima," akasema.

"Nani akupime?" mama akajibu, na pumzi ameizuia.

Dada akazamisha mkono kikapuni, akatoa konzi nzima, akaijaza mdomoni mpaka shavu likavimba. Baba alimwangalia akitafuna, akaangalia kikapu kilichobaki nusu.

"Punguza," akasema. "Hizo ni za wageni."