Ulimi wa Konokono wa Bangwe

Mwaka niliostaafu kufundisha baiolojia, stoo ya shule yetu ilikuwa inabomolewa, na mkuu wa shule alituruhusu walimu tuchukue tunachokitaka kabla vitu havijatupwa. Wenzangu walichukua viti na mbao. Mimi nilitoka na masanduku mawili. Moja lilikuwa na hadubini ya zamani ya shaba, ya kuchungulia kwa jicho moja, yenye kioo kidogo chini yake cha kukamata mwanga wa jua. La pili lilikuwa limejaa slaidi, yaani vile vipande vya kioo virefu kama kidole ambavyo katikati yake hugandishwa kitu kidogo cha kuchunguza. Kwa miaka yote niliyofundisha pale, sikuwahi kumpata mtu wa kuniambia masanduku hayo yalifikaje Kigoma.

Skrubu ya kusogeza mrija ilikuwa imeganda kabisa. Nikaipeleka hadubini kwa fundi saa mmoja wa mtaa wa Mwanga. Aliigeuza, akainusa, akaniuliza, "Mama, hii ni saa gani isiyo na mishale?"

Nilipomweleza ni ya kuonea vitu vidogo, alitia mafuta, akaisugua skrubu taratibu mpaka ikalegea, kisha kabla ya kunirudishia akaweka chini yake kipande cha uzi wa shati lake. Alichungulia muda mrefu. Wateja wawili walisimama wakimsubiri naye hakuinua kichwa.

Nyumbani kwangu Bangwe niliweka meza kwenye dirisha la upande wa ziwa, nikaanza kuzitazama zile slaidi moja baada ya nyingine. Kila moja ilikuwa na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa wino, kwa Kiingereza, mwandiko wa mtu yule yule. Mguu wa nzi. Unga wa bawa la nondo. Sharubu ya paka. Mchanga wa ufukweni. Jina la mtengenezaji halikuwepo.

Nilisoma kwenye simu kwamba enzi za Malkia Viktoria, kule Uingereza, watu wengi wasio wanasayansi walikuwa na mapenzi haya: wachungaji, wenye maduka, madaktari wa mitaani. Wakitoka kazini walikaa sebuleni na hadubini zao, wakatengeneza slaidi, wakaalikana kuja kutazama. Basi nikaanza kumjua mtu wangu kwa kazi yake. Slaidi za mwanzo zilikuwa na mapovu ya hewa na gundi imemwagika pembeni. Za baadaye zilikuwa safi, na duara la rangi ya kuziba kioo limechorwa bila kutetereka. Halafu kulikuwa na chache ambazo duara lake lilikuwa limepinda, kama la mtu ambaye mkono umeanza kutetemeka. Alifuga paka. Alifika baharini angalau mara moja. Slaidi moja iliandikwa "unywele wa mke wangu", na unywele wenyewe ulikuwa mweupe. Hiyo nilikaa nayo asubuhi nzima.

Lakini iliyonikosesha utulivu ni ile iliyoandikwa "ulimi wa konokono". Nilipoiweka sawa, niliona kitu kama utepe, na juu ya utepe huo meno, safu kwa safu, mamia kwa mamia, yamepangwa kama vigae vya paa. Nilifundisha konokono miaka yote hiyo. Nilichora ulimi wake ubaoni, nikawaambia wanafunzi una meno ya kukwangulia chakula. Kumbe mwenyewe sikuwahi kuuona.

Na ziwa letu lina konokono wake, wanaoishi humu tu. Wapo pale pale kwenye miamba ya Bangwe, chini ya nyumba yangu, wadogo, wengine wana miiba kwenye magamba. Wana meno ya namna gani hao? Nilitaka kujua. Asubuhi moja nilikunja kanga, nikashuka kwenye miamba na kopo.

Ili kuupata ulimi inabidi nyama yote iyeyuke, nao ndio unaobaki kwa sababu ni mgumu. Kinachoyeyusha ni kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, na dada yangu mkubwa anatengeneza sabuni ya mawese nyumbani kwake Ujiji. Nikamwendea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na nini kwenye hilo kopo?"

"Konokono."

Alirudi nyuma. "Kwenye nyumba yangu? Toa nje!"

Nilimweleza. Alinitazama kama anayepima homa. "Umestaafu, una nafasi ya kupumzika, unakwenda kutafuta meno ya konokono. Na ukishayaona?"

"Nitakuwa nimeyaona."

Alicheka bila kutaka, akanipimia kostiki kwenye chupa ya kioo, akanivalisha glavu zake kwa mkono wake mwenyewe. Ana kovu la kostiki kwenye kifundo cha mkono, hachezi na kitu hicho.

Konokono wa kwanza niliwaacha humo muda mrefu mno, sikupata kitu. Aliyefuata niliupata ulimi wake, unaong'aa kama uzi wa buibui, nikaumwaga pamoja na maji ya kusuuzia. Wa mwingine niliufikisha kwenye kioo, nikautia gliserini ile ya kupaka mwilini, nikafunika, na povu la hewa likakaa juu yake hasa. Nilimfikiria yule bwana wa zamani na slaidi zake za mwanzo, nikajisikia nina mwenzangu. Mwishowe ulimi mmoja ukakaa vizuri. Niliziba pembeni kwa rangi ya kucha nyekundu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo.

Meno yale hayakufanana na ya konokono wa Uingereza. Ya kwake yalikuwa mafupi, yanalingana. Haya ya kwetu, la katikati ya kila safu lilikuwa pana lenye ncha nyingi kama kitana, na ya pembeni marefu, yamejikunja kama vidole vinavyokwangua ukoko kwenye sufuria. Nilipiga kelele peke yangu mle chumbani.

Kesho yake dada alikuja. Alisema amekuja kuchukua chupa yake. Nikamwekea kiti.

Alifumba jicho la kushoto, akachungulia kwa la kulia. "Hamna kitu. Ukungu tu."

Nikatazama. Meno yalikuwa pale, wazi kabisa. "Angalia tena."

"Nimekwambia ni ukungu. Kama moshi wa jikoni. Unanichezea?"

Niligeuza kioo kuelekea juani, nikapangusa lenzi, nikasogeza skrubu. Bado akasema ni moshi tu. Nikamwambia ajaribu kwa jicho la kushoto. Akainama, kisha akasema polepole, "Yoo! Yana ncha. Huyu mdudu ana meno kama msumeno."

Nilifurahi, halafu nikaacha kufurahi. Nilimwomba afumbe jicho la kushoto aniangalie usoni.

"Unaniona?"

"Naona mtu."

"Macho yangu je? Mdomo?"

Alifumbua, akafumba tena, kama mtu anayejaribu swichi. Wala hakujua. Jicho la kushoto lilikuwa limebeba kazi ya yote mawili, na lile jingine likafifia taratibu bila kumuaga yeyote. Nilipomsogeza dirishani niliona ndani ya mboni weupe hafifu. Mtoto wa jicho.

Hospitali hakutaka. Alikuwa amesikia kwamba wanaling'oa jicho, wanaliweka kwenye sahani, wanalisafisha, kisha wanalirudisha. Sikubishana naye, maana na mimi sikuwa nimewahi kuona upasuaji huo. Nikaenda kumuuliza muuguzi wa macho, naye akacheka, akaniambia jicho halitoki popote. Wanafungua tundu dogo sana, wanatoa ile lenzi ya ndani iliyochafuka, wanaweka mpya ya plastiki. Nilirudi Ujiji kumweleza dada. Aliendelea kukata miche ya sabuni mpaka nikadhani hakunisikia.

"Konokono ana meno," akasema, "na mimi nimewakanyaga tangu utoto sikujua. Basi hata jicho langu lina mambo yake nisiyoyajua. Nipeleke."

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la nje nikiwa na kanga yake mapajani, nikiikunja na kuikunjua. Alitoka amefungwa bandeji, analalamika njaa. Walipoifungua kesho yake nilikuwa mbele yake. Alipepesa, machozi yakamtoka kwa mwanga, akanitazama kwa muda.

"Kumbe umezeeka hivi!"

Muuguzi aligeuka ukutani kuficha kicheko. Mimi sikuficha changu.

Wiki zilizofuata nilimkuta mara nyingi uani kwake, amesimama mbele ya beseni la mawese, anafumba jicho hili, anafumbua lile. Siku moja alinishika mkono akanivuta.

"Njoo uone. Kwa jicho hili jipya mawese ni mekundu kweli kweli. Kwa hili la zamani yamekuwa kama chai. Sasa mwalimu, niambie, mawese yenyewe yana rangi gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu kama ninavyojibu darasani, nikaona sina hakika. Nikafumba jicho langu moja, kisha jingine, nikasimama pale naye kando ya beseni, tukilinganisha.