Mtu wa Chumba cha Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kikosi cha Uzamiaji aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mkiwa, Singida. Akauliza huko kuna maji gani ya kuzamia. Nikajibu kuna lambo la ng'ombe, humo ndimo nilimojifunzia kuogelea. Alinipa mtungi wa hewa, akanionyesha mdomo wa kupumulia, na mwingine wa akiba ulioning'inia pembeni. "Binti," alisema, "huu wa pili si wako. Ni wa mwenzako akiishiwa."

Nilianzia ziwani, kufunga maboya, kisha nikahamishiwa pwani, kwenye meli iliyolala chini ya bahari. Meli ile ya mizigo haikuzama kwa ajali. Ilikuwa chakavu, ikasafishwa mafuta, ikatobolewa na kuzamishwa makusudi ili matumbawe yaote juu yake na samaki wapate makazi. Mimi na Elia, kijana wa Itigi, tulikuwa wakaguzi wake.

Asubuhi moja tukiwa chini tulisikia kugongwa. Chuma kwa chuma, mara tatu, kimya, mara tatu tena. Kwa wazamiaji hiyo ni ishara ya kuitana. Nilidhani ni Elia. Nikageuka, nikamwona nyuma yangu, mikono mitupu, ananitazama.

Tulifuata sauti hadi chumba cha mashine, tukiachia kamba ya kutuongoza kurudi. Tope lilitibuka, tochi ikawa haioneshi hata kiganja. Chini ya dari palikuwa na hewa kidogo iliyonaswa. Nikatoa kichwa, nikakutana uso kwa uso na kijana. Hakushtuka. Baadaye tulijua alikuwa ameshuka kuiba shaba, akivuta hewa kwa mpira wa pampu iliyokuwa kwenye boti yao. Wenzake waliokuwa juu waliikimbia boti ya doria, mpira ukakatika. Nikamtia mdomoni ule mdomo wa akiba. Tulipanda taratibu, kwa sababu anayepanda haraka damu yake hutoa povu kama soda iliyotikiswa.

Botini, Mkuu alimwambia amejiokoa kwa kugonga. Kijana akatikisa kichwa.

"Sikugonga, mzee. Kwa mikono yote miwili nilishikilia bomba. Aliyegonga ni yule mwenzangu."

Akaeleza kwamba alishuka peke yake, ila mle gizani kuna mtu alimwinua kidevu kila alipotaka kusinzia. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kwa upole, "Dada, mbona mmemwacha?"

Mkuu hakucheka. Aliagiza tubadilishe mitungi turudi. Tulipapasa chumba kizima, kila kona, hadi nyuma ya mashine. Hakukuwa na mtu.

Elia aliomba uhamisho. Mimi nilibaki na meli ile mpaka nikastaafu, na sasa nalima alizeti hapa Mkiwa. Vijana wakishanipa shikamoo huniuliza kama nilikuwa naogopa. Hapana. Yule, awe nani, alimtunza mtoto wa watu. Kinachoniuma ni kwamba niliingia mle na kutoka miaka yote ile, na yeye sikujua namna ya kumtoa.