Mavi ya Chuma ya Gahanga

Siku yangu ya kwanza kuongoza wageni katika njia ya wahunzi wa kale, nilivaa koti nililofungia ndoa. Nilikulia Tanzania, na kazi niliipata kwa sababu ya Kiswahili changu. Kuhusu chuma, nilijua kwamba kinashika kutu.

Tuliondoka mtaa wa Gisimenti na walimu waliotoka Mombasa, tukaenda Gahanga, ambako chuma kiliyeyushwa zamani. Mkurugenzi wetu alikuja kunipima. Niliokota kipande cheusi chenye matundu.

"Haya ni mavi ya chuma," nikasema, "yaani taka inayobaki tanurini chuma kikishatoka. Yana karne nyingi."

Mwalimu mmoja alikifunga kwenye leso yake kwa heshima. Hapo mzee aliyekuwa akipalilia viazi kando yetu akanyoosha mgongo.

"Mwarimu," akaniambia kwa lafudhi ya Kinyarwanda, "hiyo iko tofari yangu. Iliungua sana mwaka jana, wakati najenga choo."

Mgeni akaifungua leso polepole. Mimi nilitamani tanuri lingekuwa bado linawaka, nijitumbukize.

Niliporudi ofisini nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuaga. Mkurugenzi akauliza, "Yule mzee ni nani?"

"Mzee Karoli. Ameniambia baba yake alikuwa mhunzi."

"Basi kuanzia kesho atazungumza yeye. Wewe utatafsiri, na utapuliza mivukuto."

Mivukuto ni mifuko ya ngozi ya mbuzi inayopeleka hewa motoni. Ukipuliza kwa pupa moto hutapika cheche, ukizubaa hulala. Nilipuliza miaka mingi kwenye tanuri la maonyesho alilojenga Mzee Karoli kwa udongo wa mchwa. Yeye alisema kwa Kinyarwanda, "Waambie huyu anayepuliza ni mvivu," nami nikatafsiri, "Anasema kazi hii inataka subira." Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipokuja mgeni anayejua Kinyarwanda.

Lakini jioni, wageni wakishaondoka, Mzee Karoli alinifundisha: sikiliza tanuri, usilitazame tu. Niliyoyajua kweli nikaanza kuyasema kwa sauti ndogo, na watu wakasogea karibu kunisikia.

Nilipostaafu, Mkurugenzi alitoa hotuba ndefu juu ya chuma cha mababu, kisha akanikabidhi jembe lililofungwa utepe. Nyumbani Rebero nilibandua karatasi iliyogandishwa kwenye bapa lake. Chini yake kulikuwa na chapa: limetengenezwa ng'ambo.

Mke wangu analimia maharage. Anasema hajawahi kupata jembe zuri kama hilo, nami, kwa kuwa sasa naheshimu ukweli, nimenyamaza.