Injini ya Pampu kwenye Pikipiki ya Mke Wangu

Mke wangu alikuwa mkunga wa zahanati pale Kimamba, na pikipiki yake ilikuwa kongwe kuliko yeye. Tulikuwa na miezi minne tu ya ndoa injini ya pikipiki ile ilipopasuka. Vijiji vya Ujamaa alivyovihudumia vilikuwa mbali kimoja na kingine, na mganga mkuu wa wilaya akaja mwenyewe kutoka Kilosa kutuambia: bila usafiri kufikia Jumatatu, mkunga atahamishiwa upande wa Mikumi, akaishi hukohuko karibu na wajawazito. Mimi nilikuwa fundi katika karakana ya shamba la katani, kumfuata nisingeweza. Mume wa miezi minne nilale peke yangu! Nilinuna siku nzima, kisha nikaenda kwa meneja kuomba injini ya pampu ya maji iliyokuwa imelala stoo.

Nilijiona fundi hasa. Nilichonga vishikio vya chuma, nikaifunga injini ile mahali pa ile iliyokufa, nikavalisha mhimili wake sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, nikaunganisha cheni hadi kwenye giaboksi. Jumamosi asubuhi karakana nzima ilitoka kutazama. Nilitaka kuijaribu mimi, mke wangu akanisukuma kando.

"Kwani pikipiki ya nani?"

Akajifunga kanga vizuri, akapanda. Nikavuta kamba ya kuwashia, injini ikanguruma, watu wakashangilia. Akaingiza gia.

Pikipiki ikaondoka kinyumenyume. Ilimpeleka hivyohivyo hadi kwenye nyaya za kuanikia katani, akaanguka chali ndani ya singa nyeupe. Nilimkimbilia, nikamkuta anacheka hadi machozi, kichwa kimejaa katani utadhani bibi kizee.

"Fundi," akasema, "ndiyo unanirudisha kwa baba?"

Kosa lilikuwa la kwetu, watu wa katani. Mitambo yetu yote iliendeshwa kwa mikanda, na mkanda hauna ubishi: mtambo ukizunguka upande usioutaka, unaupishanisha mkanda ukae kama nambari nane, mzunguko unageuka, yamekwisha. Kwa hiyo hakuna fundi pale shambani aliyewahi kujisumbua kuuliza injini inazunguka upande gani. Sasa cheni utaipishanishaje?

Bahati nzuri mhimili wa injini ile ulichomoza pande zote mbili. Niliigeuza, mbele yake ikawa nyuma, nikahamishia sproketi kwenye ncha ya pili. Ikazunguka inavyotakiwa, lakini cheni ikawa inaruka, maana sproketi ya injini ilikaa ndani zaidi kuliko ile ya giaboksi, kiasi cha upana wa kidole. Nikachukua uzi wa katani, nikaunyoosha ukapita usoni mwa sproketi zote mbili. Nilikata washa, vile vipande bapa vya duara vyenye tundu katikati, kutoka kwenye jembe lililochakaa, nikaweka moja nyuma ya sproketi, nikapima, nikaongeza ya pili, nikapima tena, mpaka uzi ukalala sawasawa bila kuacha upenyo. Mke wangu ndiye aliyenishikia ncha ya pili ya uzi. Jumapili ile tulipima mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na sisemi kwa nini.

Jumatatu alizunguka vijiji vyake vyote, akamalizia Kilosa ili mganga mkuu aione pikipiki kwa macho yake. Mimi kazini sikufanya la maana, nyundo ilinipiga kidole mara mbili. Jioni nikasikia mlio wa pampu unakuja barabarani, ukaingia uani kwetu. Vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope.

"Amesemaje?" nikauliza hata kabla hajashuka.

"Ameniongezea vijiji viwili." Akazima injini, akavua viatu taratibu, makusudi kunitesa. "Nakaa hapahapa. Nichotee maji nioge."

Enzi zile mwanamume kumchotea mkewe maji, majirani wanaona, lilikuwa jambo la kuchekwa mwezi mzima. Nilibeba ndoo nikaenda bombani nikilia kwa furaha, na waliotaka kucheka wakacheka.